"Sawa Fundi": Kisa cha Bili ya Sh83,200 kwa Kazi Iliyokadiriwa Sh18,500

Gari lenyewe ni Toyota ya injini ya 1NZ, ile ambayo Mombasa ukirusha jiwe utaipiga moja. Mwenyewe ni mwalimu wa shule ya msingi, jirani yangu Bamburi. Jumapili moja akitoka Kilifi, taa nyekundu ya joto ikamuwakia karibu na Mtwapa. Alifanya wanavyofanya wengi: aliendesha kilomita mbili tatu zaidi akitafuta pahali pa kivuli. Akangoja, akaongeza maji ya chupa, akafika nyumbani polepole. Zile kilomita mbili tatu zitatajwa tena huko mbele.

Jumatatu akalipeleka gari gereji moja ya Kisauni aliyoelekezwa na mwenzake wa kazini. Fundi akafungua boneti, akatazama, akasema rejeta imeziba na themostati, ile vali inayofungulia maji ya kupoza injini, imekufa. Mchana akamtumia makadirio kwa WhatsApp:

Rejeta ya Japani 9,500. Themostati 2,500. Kulanti 2,000. Ufundi 4,500. Jumla 18,500.

Akatuma Sh10,000 kwa M-Pesa ili rejeta inunuliwe. Jumatano, akiwa darasani, ikaingia sauti ya sekunde 41. Nimeisikiliza mara nyingi kuliko nyimbo ninazozipenda. Fundi anasema rejeta imefungwa lakini gari bado linachemka, kwa hivyo "hedi ina shida kidogo, itabidi tuifungue tuangalie, kuna vitu vitaongezeka, sijui unasemaje mwalimu?" Hedi ni kile kipande cha juu cha injini kinachofunika silinda. Naye, na kengele inalia, akajibu kwa maandishi: "Sawa fundi, fanya inavyofaa. Ijumaa nina safari."

Ijumaa ikapita bila gari. Jumatano ya wiki ya pili akaitwa achukue gari lake, akakabidhiwa karatasi ya daftari iliyoandikwa kwa kalamu:

Rejeta 9,500, themostati 2,500, kulanti mikebe miwili 4,000, seti ya gasketi 8,500, kuchonga hedi 4,500, bolti za hedi 4,000, pampu ya maji 6,500, oili na filta 5,900, plagi nne 4,800, kusafisha injekta 4,000, mauntingi mbili za injini 9,000, ufundi 18,000, kulaza gari siku nne 2,000. Jumla 83,200. Toa 10,000, baki 73,200.

Hakuwa nazo. Ufunguo ukabaki kwenye droo ya mwenye gereji, na yeye akarudi kwa matatu. Jioni alikuja kwangu na hiyo karatasi kwa sababu anajua niliwahi kuuza spea. Ndugu yake alikuwa na wazo jingine: waende na ufunguo wa akiba wakati wa sala ya Ijumaa, gereji ikiwa tupu, waliondoe gari. Nilimwomba aurudishe ufunguo huo kabatini. Ukilichukua gari namna hiyo, kesho yake mgogoro hautakuwa tena wa bei, utakuwa wa wizi, na maelezo utayatoa kituoni.

Mwalimu alikuwa anauliza kama ameibiwa. Mimi niliona swali lingine mbele ya hilo: siku ile ya Jumatano alikubali nini?

Mwenye gereji alisema alikubali kila kitu. Aliambiwa vitu vitaongezeka, akajibu afanyiwe inavyofaa. Sasa kilichofaa kimefanywa. Mwalimu alisema alikubali hedi ifunguliwe iangaliwe, kama fundi mwenyewe alivyotamka. Wote wawili walikuwa wakisoma ujumbe uleule wa maneno saba na kila mmoja anaona umemnyookea. Kilichokosekana humo ni tarakimu. Fundi hakutaja bei, mwalimu hakuiuliza, na "sawa" isiyo na tarakimu hunyooshwa mpaka ifike popote.

Wengi hawajui kwamba Kenya ina sheria inayozungumzia jambo hili hasa, tena kwa kutaja matengenezo ya magari waziwazi. Ni Sheria ya Kumlinda Mtumiaji ya mwaka 2012, iliyotungwa kutimiza Kifungu cha 46 cha Katiba. Ina sehemu nzima ya matengenezo. Fundi hatakiwi kumtoza mteja kabla ya kumpa makadirio, isipokuwa mteja ameyakataa mwenyewe na akataja kiwango cha juu atakacholipa. Makadirio yakishatolewa, bili haitakiwi kuyapita kwa zaidi ya asilimia 10. Kazi ambayo mteja hakuiidhinisha haitozwi. Spea kuukuu zilizotolewa garini zirudishwe kwa mwenyewe, ila akisema hazitaki. Na spea mpya pamoja na ufundi wa kuzifunga vina dhamana ya angalau siku 90 au kilomita 5,000, kimojawapo kikitangulia, hata kama risiti haisemi neno.

Kwa hesabu hiyo, makadirio ya 18,500 na asilimia 10 juu yake ni Sh20,350. Ukisoma sheria kwa ukali, mwalimu alipaswa kuongeza Sh10,350 juu ya alizotuma na kuondoka na gari lake.

Nilipomwambia hivyo alitaka kuamka aende usiku uleule. Nikamshika. Kwanza, gereji itasema "sawa fundi" ilikuwa idhini ya kazi mpya, na hakimu anaweza kuwasikiliza kwa sehemu, maana imeandikwa na inatoka kwenye simu yake. Pili, nilikuwa sijaliona gari, na bili haisomwi kwenye karatasi peke yake.

Alhamisi tukaenda sote wawili, pamoja na fundi wa tatu asiyekuwa na uhusiano na gereji ile, tukamlipa Sh1,500 ya muda wake. Pesa hiyo ndogo ndiyo iliyofanya kazi kubwa kuliko kelele zozote. Mwenye gereji alianza kwa kununa, lakini fundi mbele ya fundi mwenzake huongea lugha nyingine.

Tukaomba spea kuukuu. Kijana akaleta gunia. Gasketi ya hedi, ile karatasi ngumu inayoziba kati ya hedi na sehemu ya chini ya injini, ilikuwemo, na ilijieleza yenyewe: kati ya silinda ya pili na ya tatu ule ukingo mwembamba ulikuwa umeungua, mweusi, umekatika upana wa ukucha wa kidole kidogo. Pampu ya maji ukiishika mhimili wake inacheza. Mauntingi, vile vishikio vya injini, zilikuwa na mpira uliopasuka kweli, mwalimu mwenyewe akaziona akanyamaza. Seti ya gasketi, kuchonga hedi, bolti, pampu na oili vikawa havina ubishi: hedi ya aluminiamu ikipata moto kupita kiasi hupinda, gasketi mpya juu ya hedi iliyopinda haidumu, na ukishafungua hapo huwezi kurudisha oili ileile iliyokwisha kukutana na maji.

Rejeta kuukuu haikuwemo. Ilikuwa imeshauzwa kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Plagi kuukuu nazo hazikuonekana.

Na hapa ndipo lilipo kosa lenyewe, nami naliweka mbele ya mengine yote. Gari limeletwa kwa kuchemka. Kabla ya kununua chochote, kuna kipimo cha dakika kumi: kichupa chenye dawa ya buluu huwekwa kwenye mdomo wa rejeta injini ikinguruma, na kama gesi za mwako zinavuja kuingia kwenye maji, dawa hugeuka njano. Hata bila kichupa, fundi mzoefu hutazama mapovu kwenye rejeta, hunusa, huchomoa kijiti cha oili kuona kama imekuwa rangi ya chai ya maziwa. Hakuna kilichofanywa. Makadirio yalitolewa kwa jicho, rejeta ikanunuliwa, ikafungwa, kulanti ikamiminwa, gari likachemka tena, kulanti ikamwagwa, ndipo hedi ikafunguliwa. Mkebe wa pili wa kulanti ulikuwa gharama ya kukisia, na mteja ndiye aliyetozwa.

Fundi wa tatu aliuliza taratibu, bila dharau: "Hiyo rejeta ya mwanzo mliipima?" Jibu lilikuwa kwamba ilionekana chafu. Huenda kweli ilikuwa imeziba. Huenda ilikuwa nzima na ugonjwa wote ulikuwa themostati iliyogoma, kisha zile kilomita za Mtwapa zikamalizia hedi. Rejeta yenyewe ndiyo ingetuambia, nayo imeshapimwa kwenye mizani ya chuma chakavu. Ndiyo maana sheria inataka spea kuukuu zirudishwe. Spea kuukuu ndiyo shahidi, na gereji iliyompoteza shahidi wake haina haki ya kudai iaminiwe kwa neno tu.

Lakini nisimbebeshe fundi kila mzigo. Alisema jambo ambalo kila mwenye gari angelisikia: "Ningemwambia mwalimu siku ya kwanza kuwa inaweza kufika elfu sitini, angeondoka kwenda kwa jirani angemwambia kumi na nane." Ni kweli. Tunazunguka gereji tatu tukitafuta bei ndogo, tunampa kazi aliyetaja ndogo kuliko wote, halafu tunashangaa bei hiyo ilipokuwa ya mdomo. Tena injini haionyeshi yaliyo ndani mpaka ifunguliwe. Simlaumu kwa kutojua Jumatatu. Namlaumu kwa Jumatano, alipojua.

Siku ile alikuwa na gari ambalo hedi yake bado haijaguswa. Angepima, akapiga hesabu ya gasketi, kuchonga, pampu na ufundi, akatuma orodha ya pili yenye jumla, akangoja. Mwalimu angeweza kukataa, kuomba wiki mbili za kutafuta pesa, au kuulizia injini iliyotumika. Hedi ikishalala mezani na bolti ziko kwenye kopo la rangi, mteja hana pa kuchagua; gari halitembei, na gereji nyingine haitaki kuendeleza kazi iliyoanzwa na mkono mwingine. Swali la bei likiulizwa baada ya hapo, mteja anaarifiwa tu.

Tukageukia vitu vingine kwenye karatasi. Injekta: gari halikuletwa kwa kukosa nguvu wala kula mafuta, hakuna aliyeuliza zisafishwe. Plagi: mwalimu alikuwa na risiti ya plagi za iridiamu alizonunua miezi minne nyuma kwenye duka la mjini, na plagi za aina hiyo hutarajiwa kufika kilomita 100,000. Tulichomoa moja. Ilikuwa safi, lakini ya miezi minne nayo huwa safi. Mwenye gereji alisema kijana aliyefanya kazi ndiye aliyezibadilisha, na kijana huyo alikuwa hayupo tena. Hapakuwa na haja ya kumwita mtu mwizi. Hakuna plagi kuukuu, hakuna risiti ya kununulia mpya, mstari ukakatwa na tukaendelea.

Mauntingi ndizo zilizotuchelewesha. Zilikuwa zimepasuka, ndiyo. Ziliombwa? La. Kisheria hazitozwi. Lakini mwenye gereji akatoa risiti ya duka: amezinunua 3,000 kila moja, akaziandika 4,500. Mwalimu akapanda hasira kuliko alivyopandwa na kitu chochote siku ile. Mimi niliyewahi kukaa nyuma ya kaunta ya spea sikushangaa. Hicho ndicho cha juu, na cha juu kipo kila gereji. Mtu katumia nauli yake, katumia muda wake, kachagua spea ambayo akiifunga vibaya atalaumiwa yeye. Sioni ubaya akipata kitu kidogo. Ubaya unaanza pale cha juu kinapokuwa kwenye spea ambayo hukuiagiza. Hapo muuzaji ndiye mnunuzi pia, anajiuliza mwenyewe na kujijibu mwenyewe.

Kuhusu ile Sh2,000 ya kulaza gari sikuwa na subira. Gari lilimalizika Jumamosi. Mwalimu aliitwa Jumatano. Alitozwa siku ambazo hakujua gari liko tayari. Na hata kama angejua: ni kweli fundi ana haki ya kulizuia gari mpaka alipwe kwa kazi aliyoifanya kwa idhini, haki hiyo ni ya zamani na Kenya inaifuata. Lakini kwa kanuni iliyosimama tangu karne ya 19, anayezuia mali ya mtu ili alipwe hawezi kumtoza mwenye mali gharama ya kuizuia. Analizuia kwa faida yake. Tena mteja akileta kiasi kinachodaiwa kihalali, akakiweka mezani, haki ya kuzuia inaisha hapohapo. Wenye gereji hupenda kutishia kuliuza gari. Iko Sheria ya mali isiyochukuliwa, Sura ya 38, lakini ina masharti yake ya muda na notisi, na haikuwekwa kwa ajili ya mteja anayekuja kila siku kudai gari lake.

Tungeweza kwenda mahakamani. Mahakama ya Madai Madogo hupokea madai yasiyozidi Sh1,000,000, huhitaji kuwa na wakili, kesi inatakiwa iamuliwe ndani ya siku 60, na kurudishiwa mali inayohamishika ni mojawapo ya madai inayosikiliza. Nilimwandalia mwalimu maelezo ya kurasa mbili yakiwa na picha za WhatsApp, karatasi ya bili na muamala wa M-Pesa. Nadhani angeshinda sehemu kubwa. Lakini siku 60 bila gari, kwa mtu anayepeleka watoto wawili shule na mama kliniki, si kitu kidogo, na yeye mwenyewe alikuwa ameiona ile gasketi. Alisema hawezi kula kiapo kwamba kazi ile hakuihitaji.

Kwa hivyo tuliyasoma yale maelezo ya kurasa mbili pale gereji, kwa sauti, juu ya boneti. Sikuongeza neno. Mwenye gereji aliuliza ile asilimia 10 imeandikwa wapi, nikamwonyesha kwenye simu, akaisoma kimya na midomo inatembea. Kisha akasema, "Basi tukae."

Tulikaa mpaka adhana ya alasiri. Seti ya gasketi, kuchonga, bolti, pampu, oili na filta, themostati vikabaki kama vilivyo: 31,900. Kulanti mkebe mmoja, 2,000. Ufundi ukashuka kutoka 18,000 hadi 13,500, kwa kutoa ile 4,500 ya kufunga rejeta ambayo haikuponya kitu. Rejeta wakagawana nusu kwa nusu, 4,750. Mauntingi kwa bei ya duka bila cha juu, 6,000. Plagi, injekta na kulaza gari vikafutwa. Jumla 58,150, wakaishusha 58,000. Ukitoa alizotanguliza, zikabaki 48,000: 30,000 siku ileile, 18,000 mwisho wa mwezi mshahara ukiingia.

Mimi sikuridhika na rejeta. Ningeikata yote, kwa sababu aliyepoteza ushahidi ndiye abebe shaka. Nilimwambia mwalimu anaacha haki yake mezani, maana kati ya 20,350 na 58,000 kuna pesa ya karo. Alinijibu kwamba nyingine kati ya hizo ni pesa ya gasketi, na kwamba yeye pia aliandika "fanya inavyofaa" bila kuuliza. Sina hakika alikosea. Jambo moja sikumwachia alilegeze: dhamana. Ikaandikwa kwenye risiti kwa mkono wa mwenye gereji mwenyewe, siku 90 au kilomita 5,000 kwa hedi, pampu na rejeta, pamoja na kilomita zilizosomeka kwenye dashibodi siku ile. Sheria inampa dhamana hiyo hata isipoandikwa, najua. Lakini mtu hubishana na sheria kwa urahisi zaidi kuliko anavyobishana na mwandiko wake.

Wiki ya sita hosi ya juu ilianza kudondosha maji asubuhi asubuhi. Nilimshauri atafute gereji nyingine; akanipuuza, akarudi Kisauni. Alinihadithia kwamba fundi alikuwa tayari ameshika bisibisi, akasita, akaiweka chini, akajifuta mikono, akatoa simu. Yake mwalimu ikalia mfukoni akiwa amesimama palepale kando yake: "Kukaza klipu ya hosi. Bei: 0. Nifanye?"

Akaandika: "Sawa fundi."